Gitaa liwe la mwisho: DI100, Rumble 40 na TRBX174 kwa mpiga besi wa Mtwara

Mwenye bando la kuhesabu nimpe jibu lake mapema: kama unapiga besi huku kusini na mfuko haujanona, nunua kwanza kiboksi cha DI (kile kinachoandaa sauti ya gitaa ifike salama kwenye mixa) na waya wa maana, halafu amplifaya ndogo, gitaa liwe la mwisho. Najua mtanibishia. Gitaa ndilo linalovaliwa begani na ndilo linalopigwa picha. Bado sijamwona mtu aliyepigwa picha ya harusi kakumbatia kiboksi cha DI. Ila nimezunguka kumbi na viwanja vya Mtwara na Lindi kiasi cha kutosha, na ninachokijua ni kwamba walioko kwenye viti wanasikia kile tu kilichofika salama kwenye mixa.

Bendi yetu ni ya sherehe. Mchana nipo ghala la korosho nahesabu magunia, usiku na wikiendi napiga besi. Kazi hizi mbili zinalishana: minada ikianza Oktoba na malipo ya wakulima yakianza kushuka, harusi zinabanana mpaka nyingine tunazikataa. Tunapiga dansi ya zamani kwa wazee, taarabu kwa akina mama wanaotaka kutunza, sebene kwa kila mtu, na siku hizi lazima singeli iguswe kidogo, la sivyo vijana wanatoka nje. Leo ukumbi Shangani, kesho uwanja wa mchanga Mikindani, wiki ijayo Newala kule juu kwenye baridi. Mitambo karibu kila mara ni ya kukodi, na kila mwenye mitambo ana mixa yake na vituko vyake. Vifaa hivi vitatu nimevipimia humo, na kununua nimenunua kwa hela yangu.

Nianze na kiboksi. Changu ni Behringer DI100, bodi la alumini lenye mipira kwenye pembe. Ukikidondosha, ihurumie sakafu. Gitaa la besi linatoa umeme mdogo sana wa sauti, na waya wa jeki wa kawaida haukutengenezwa kuusafirisha mbali. Mita tano au sita, sawa. Ukiuvuta mita thelathini kutoka jukwaani mpaka kwenye meza ya fundi mitambo, ule ukali wa juu unaliwa njiani, na badala yake unaokotwa uchafu wote wa hapo katikati: taa za mapambo, jenereta, chaja za simu za wapambe. Kiboksi kinaupokea ule umeme na kuutoa kwenye plagi ya XLR ya pini tatu, ile ile ya maiki. Humo sauti inapita kwenye nyaya mbili, moja kinyume cha nyingine. Kelele ikidandia njiani inadandia zote mbili sawasawa, kwa hiyo mixa inapotoa moja kwenye nyingine kelele inajifuta na besi inabaki.

Kilichonifanya nikinunue ni mvumo. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, na G ya chini kwenye besi, ile ya freti ya tatu (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) kwenye uzi mnene kuliko zote, ni hezi 49. Yaani mvumo wa umeme unakaa palepale kwenye G, umepanda kidogo tu, na wimbo ukiwa kwenye G unasikia kama kuna mpiga besi wa pili aliyelewa. Harusi moja Mikindani fundi mitambo, kijana mdogo, alinifuata mpaka jukwaani: "Mzee, punguza besi, inavuma." Nikamwonyesha mikono yote miwili hewani. "Mwanangu, sijaanza kupiga."

Alirudi na koleo. Alitaka kung'oa ule mguu mrefu wa juu kwenye plagi ya amplifaya yangu, na naomba hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu mtindo huu umeenea. Chanzo cha mvumo wa namna ile mara nyingi ni ethi, ule waya wa kinga unaokwenda ardhini. Amplifaya yako imechomekwa soketi moja, mixa imechomekwa kwingine, kisha zote mbili zinakutana tena kupitia waya wa sauti. Mkondo unapata mduara wa kuzungukia, unaanza kuvuma. Ukikata mguu wa ethi mduara unakatika, na kweli kunakuwa kimya. Lakini hapo umeondoa kinga. Siku amplifaya ikivujisha umeme, njia iliyobaki ya kwenda ardhini ni nyuzi za gitaa, mikono yako na mdomo ulioegemea maiki. Sakafu za pwani zina unyevu, na sisi tukichoka viatu tunapiga pekupeku. Kiboksi kina swichi ya kukata ethi kwenye waya wa sauti peke yake, ethi ya umeme inabaki mahali pake. Unasukuma swichi, mvumo unanyamaza, koleo linarudi kwenye begi la mwenyewe. Mvumo unaotoka kwenye gitaa lenyewe hakiuondoi, huo ni ugonjwa mwingine na nitaufikia.

Kinakula betri ya volti 9 au umeme wa fantomu kutoka kwenye mixa. Muulize fundi kama mixa yake ina swichi ya volti 48. Akijikuna kichwa, weka betri mpya na nyingine iwe mfukoni. Kina pia swichi za kupunguza nguvu, dB 20 na dB 40 (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na watengenezaji wanasema unaweza hata kukichomeka kwenye tundu la spika la amplifaya ya hadi wati 3,000. Sijapata haja ya kufanya hivyo na siitafuti. Ninachokipenda zaidi ni tundu la pili, linalopeleka sauti ileile kwenye amplifaya yako. Gitaa linaingia kwenye kiboksi, njia moja inakwenda kwa watu, njia nyingine inakuja kwako. Amplifaya yako ikizimika katikati ya wimbo, wewe ndiye unayepoteza sauti, ukumbi unaendelea kucheza. Imetokea Lindi: soketi ya upande wetu ilikufa, mitambo ilikuwa kwenye jenereta, nikamaliza wimbo mzima kwa kufuata dramu na kutazama viuno vya wachezaji. Walikuwa kwenye mdundo, basi na mimi nilikuwa kwenye mdundo.

Kuhusu waya sina maneno mengi. Nunua ule ambao kichwa cha jeki kinafunguka kwa kuzungusha, sio ule uliomiminwa plastiki. Kinachofunguka, fundi redio yeyote sokoni atakulehemea upya wakati unasubiri. Kilichomiminwa kikikatika ndani ni cha kutupa.

Sasa amplifaya. Fender Rumble 40 ina wati 40, spika moja ya inchi 10, na uzito wa kilo nane na kitu. Hizo kilo nane ndizo zilizoninunua. Inakaa kwenye bajaji pamoja na gitaa na mimi mwenyewe, na kukiwa hakuna bajaji hata bodaboda anaibeba mbele yake bila kunung'unika sana. Wakubwa wa besi duniani walipiga na Ampeg SVT, kichwa cha wati 300 kilichotoka mwaka 1969, juu ya kabati la spika nane za inchi 10. Nikikiota kile kitu usiku naota pia na nani atakipandisha ngazi.

"Wati 40 zitatosha nini?" Swali hili naulizwa na kila mtu, hata na muuza chipsi. Hesabu ya wati inadanganya. Ukiongeza wati mara mbili unapata dB 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa kuvizia. Ili sauti isikike imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati karibu mara kumi. Kwa hiyo kati ya amplifaya ya wati 40 na ya wati 80 tofauti kubwa ipo kwenye bei na kwenye mgongo wako. Na ukiona spika dukani imeandikwa wati 5,000 PMPO, pita. PMPO ni namba ya kupamba boksi. Tafuta palipoandikwa RMS, nguvu ambayo kifaa kinaimudu muda wote, na kama hapajaandikwa umeshajibiwa.

Ndani ya ukumbi wa wastani, dramu zikipigwa na mtu mstaarabu, Rumble 40 inanitosha kujisikia na wenzangu kunisikia. Uwanjani ni habari nyingine. Ukumbini kuta na pembe zinairudisha besi, inajaa. Uwanjani hakuna ukuta, inaondoka zake. Tena sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini: E ya uzi mnene ni hezi 41, na ili uisikie sawa na sauti ya mwimbaji inahitaji nguvu nyingi sana kumzidi. Hiyo ni kazi ya zile spika za inchi 18 za mwenye mitambo, wala Rumble 40 haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Pale inakuwa monita yangu tu. Naiweka juu ya kreti la soda, naielekeza sikioni. Kreti linafanya kazi mbili: linapandisha spika kutoka kwenye magoti yangu, ambayo hayana masikio, na linaiondoa sakafuni, maana jukwaa la mbao likianza kuitikia, noti zote zinakuwa donge moja.

Ina vitufe vinne vya kurekebisha sauti: besi, kati ya chini, kati ya juu, na trebo. Wengi hukamata cha besi na kukizungusha mpaka mwisho. Jaribu kukiacha katikati, upandishe kidogo vile viwili vya kati. Noti ya besi watu huitambua kwa ile sehemu ya kati. Ya chini kabisa huihisi kifuani, na kifua hakijui kama umepiga G au A. Kuna swichi imeandikwa contour, inayopandisha chini na juu na kuchimba katikati. Nyumbani ukiwa peke yako ni asali. Kinanda na gitaa la rhythm vikiingia, umepotea, hujulikani ulipo. Nyingine ya vintage inalainisha, hiyo naiacha imewashwa kwenye taarabu. Kuna pia ya kukwaruza sauti kama roki. Harusini Mtwara sijui nitaipeleka wapi. Tundu la hedifoni ndilo lililoleta amani nyumbani kwangu, na nyuma kuna XLR ya kwenda kwenye mixa, kwa hiyo mwenye kupata amplifaya hii kabla ya kiboksi hatakwama kabisa. Mimi bado natanguliza kiboksi, kwa sababu kuna safari za Newala ambazo gari limejaa na amplifaya inabaki nyumbani. Kiboksi kinaingia mfuko wa mbele wa begi la gitaa.

Kwa anayetafuta amplifaya ya mtumba: igeuze, soma kibao cha nyuma kabla ya kuuliza bei. Umeme wetu ni volti 230. Za Japani ni 100, za Marekani 120, na kuna nyingine nzuri sana zinauzwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo hiyo. Ukiichomeka moja kwa moja, utasikia harufu kabla ya sauti. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye nguvu ya kutosha, na transfoma hiyo ni mzigo mwingine wa kununua na kubeba. Fanya hesabu zako.

Gitaa, lile la mwisho. Yamaha TRBX174: nyuzi nne, freti 24, urefu wa kawaida wa uzi wa besi wa inchi 34 kutoka kwenye nati ya juu ya shingo mpaka kwenye daraja la chini, pikapu mbili (zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), na halina betri. Neno betri nilitilie mkazo. Kabla yake nilikuwa na gitaa la jina lisilojulikana, la betri ya volti 9 ndani. Magitaa ya namna hiyo yanakula betri muda wote waya ukiwa umechomekwa, upige usipige, na betri hiyo ya kisanduku ukiikosa mchana ndiyo umeikosa mpaka kesho. Bibi harusi anaingia, besi inakoroma. La Yamaha halina cha kuisha.

Pikapu ya mbele ni ile iliyokatwa vipande viwili, umbo ambalo Leo Fender aliliweka kwenye Precision Bass mwaka 1957. Vile vipande viwili vimesukwa kinyume ili vifute mvumo, na ndiyo sababu ukiipiga peke yake inakaa kimya hata karibu na taa za mapambo. Ya nyuma ni koili moja, na koili moja ya gitaa lolote inanung'unika karibu na taa na transfoma. Nilisema kuna mvumo usiotibiwa na kiboksi, ni huu. Dawa yake ni kugeuka kidogo: simama ukiwa umelielekeza gitaa upande mwingine, utasikia unapungua. Kwenye dansi natumia ya mbele pekee, toni nimeifunga nusu. Sebene ikianza naongeza ya nyuma ili vidole visikike. Vitufe vitatu tu, sauti mbili na toni, gizani havikuchanganyi.

Shingo ni nyembamba, kidole changu cha mwisho kinafika bila kulalamika. Freti 24 ni nyingi kuliko mahitaji yangu. Kule juu naenda nikitaka kumkera mpiga solo. Mbao ni mbao, na huku inasumbuliwa: wiki nzima iko kwenye unyevu wa bahari, Jumamosi unaipandisha Newala, Jumapili unaishusha. Nyuzi zikianza kukaa juu au kugonga freti usikimbilie kuuza gitaa. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, unaigeuza kwa spana ya L, robo mzunguko, unaiacha itulie mpaka kesho ndipo uiguse tena. Ukihisi inagoma, acha.

Vijana wa kwaya wananiuliza kwa nini sikuchukua la nyuzi tano. B ya uzi wa tano ni hezi 31 kasoro kidogo, na spika nyingi za kukodi zinazofika harusini hazishuki huko. Utaona koni inatikisika na sauti hakuna. Kama unautaka uzi ule ili mkono usihame sana, hiyo ni sababu nzuri na sina ubishi. Kama unautaka ili ukumbi utetemeke, muone kwanza mwenye mitambo.

Kununua: mimi nilikwenda Kariakoo, nikatumia amplifaya ya dukani kulijaribu gitaa hilohilo, freti kwa freti, uzi kwa uzi, muuzaji akihema. Ukimwagiza mtu, mwambie atazame shingo kwa jicho moja kutoka kwenye kichwa, na abonyeze kidole kila freti ya uzi wa kwanza na wa nne. Kisha asilikabidhi kwenye buti ya basi likiwa na begi laini. Zaidi ya kilomita 500 chini ya magunia na ndoo, kichwa cha gitaa ndicho kinachotangulia kuvunjika. Langu nililipakata njia nzima, na jirani yangu alinichukia kuanzia Mbagala.

Kilichobaki kunisumbua ni nyuzi. Chumvi ya bahari inazila. Kila ukimaliza kupiga, futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, kabla hujaenda kula pilau. Zikishakuwa butu unaweza kuzivua na kuzichemsha dakika kumi kwenye sufuria, uzikaushe kabisa juani. Mafuta na uchafu vinatoka na ukali unarudi kwa muda, si mwingi. Sufuria iwe yako mwenyewe. Za besi mimi huagiza Dar, seti mbili kwa mpigo, na ile ya akiba naifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.